Siku Mfumo Unapozima: Somo la Usalama wa Mtandao kwa Kila Mkazi

"Mfumo umezima, rudi kesho." Maneno hayo manne yamesikika kwenye madirisha ya huduma kote nchini. Mara nyingi sababu huwa nyepesi: stima imepotea, au intaneti imekatika. Lakini ipo siku ambayo sababu ni mtu. Mtu huyo huenda yuko nchi nyingine, hajawahi kukanyaga kaunti yetu, na ameamua kuzuia huduma hadi alipwe au hadi jina lake litangazwe.

Somo la toleo hili linahusu siku hiyo. Ukimaliza kulisoma utaweza kueleza mambo matatu: jinsi mashambulizi ya mtandao yanavyokwamisha serikali za mitaa, yale ambayo miji mingine ilijifunza kwa gharama kubwa, na la kufanya wewe mkazi ili fedha na taarifa zako zisipotee katika msukosuko huo. Si lazima uwe na kompyuta. Ukiwa na simu ya kubonyeza na kitambulisho, somo hili ni lako.

1. Ni nini chako kilicho ndani ya kompyuta za serikali?

Watu wengi hudhani usalama wa mtandao ni shauri la benki na kampuni kubwa. Hebu tuhesabu. Mwenye duka amelipia leseni ya biashara. Mwenye shamba au ploti analipa kodi ya ardhi. Dereva amelipa ada ya maegesho. Mzazi amejaza fomu ya basari, na humo ameandika jina la mtoto, shule, hali ya familia na nambari yake ya simu. Mgonjwa ana faili hospitalini. Kila mmoja wao ameacha sehemu ya maisha yake katika rekodi za umma.

Rekodi hizo zinahitaji ulinzi wa aina tatu. Kwanza, zisionwe na asiyehusika: majibu ya maabara ya jirani yako si habari ya sokoni. Pili, zisibadilishwe kinyemela: aliyelipa asionekane mdaiwa, na mdaiwa asionekane amelipa. Tatu, zipatikane zinapohitajika: daktari akitaka kujua mgonjwa anadhuriwa na dawa gani, anataka kujua sasa hivi, si wiki ijayo. Shambulio lolote utakalosikia habari zake huvunja angalau mojawapo ya nguzo hizi tatu.

2. Foleni ya bandia: yaliyoikumba eCitizen

Mwishoni mwa Julai 2023, Wakenya waliojaribu kuingia katika jukwaa la eCitizen walikwama. Wakati huo jukwaa hilo lilikuwa likitangazwa kuwa na huduma zaidi ya 5,000 za serikali, zikiwemo pasipoti, viza na leseni za udereva. Waliotaka kununua tokeni za stima walihangaika, na baadhi ya malipo ya simu yakayumba. Wageni walioshindwa kupata viza mtandaoni waliruhusiwa kuipata wakishafika nchini. Mnamo Julai 27, aliyekuwa Waziri wa Mawasiliano, Eliud Owalo, alithibitisha kuwa jukwaa hilo lilikuwa limeshambuliwa, na akasema hakuna data iliyopotea. Kundi linalojiita Anonymous Sudan lilidai kuhusika. Mnamo Oktoba 2024, Marekani ilitangaza mashtaka dhidi ya ndugu wawili raia wa Sudan kwa madai ya kuendesha kundi hilo.

Shambulio la namna hii hufanyaje kazi? Fikiria dirisha moja la karani sokoni. Asubuhi wanafika watu elfu kumi wasio na haja ya huduma yoyote. Kila mmoja anauliza swali la kipuuzi, anajibiwa, kisha anarudi nyuma ya foleni. Karani hajaibiwa, faili hazijaguswa, lakini mama mboga aliyekuja kulipia leseni hawezi kulifikia dirisha. Mtandaoni foleni hiyo ya bandia hutengenezwa na kompyuta nyingi zinazotuma maombi kwa wakati mmoja hadi seva izidiwe.

Tunajifunza nini hapa? Huduma zote zikipitia mlango mmoja, mlango huo ukizibwa zote husimama pamoja. Ndiyo maana kila huduma muhimu, hasa ya hospitali, inahitaji njia ya pili: daftari, fomu za karatasi, na karani anayejua kuzitumia.

3. Kufuli ya mwizi: Atlanta, Johannesburg na Baltimore

Aina ya pili ni kali zaidi. Mvamizi huingia ndani ya kompyuta na kuzigeuza faili ziwe maandishi yasiyosomeka, kisha hudai fidia ili atoe ufunguo. Ni sawa na mwizi anayeingia dukani, haibi kitu, ila anatia kufuli yake mlangoni na kukuuzia ufunguo.

Mnamo Machi 22, 2018, jiji la Atlanta nchini Marekani lilipatwa na hali hiyo. Wavamizi walidai sarafu ya kidijitali ya bitkoini yenye thamani ya takriban dola 51,000. Wakazi hawakuweza kulipa bili za maji wala faini za maegesho mtandaoni, mahakama ya jiji ikakwama, na wafanyakazi wakarudi kuandika kwa kalamu. Polisi walipoteza video nyingi zilizonaswa na kamera za magari yao. Gharama ya kurekebisha mambo ilikadiriwa kuwa huenda ikafika dola milioni 17. Kinachouma zaidi ni kwamba miezi michache kabla, wakaguzi walikuwa wameonya kuhusu udhaifu mwingi katika kompyuta za jiji. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Karibu nasi zaidi, Afrika Kusini, Julai 2019 ilikuwa zamu ya City Power, shirika la umeme la jiji la Johannesburg. Shambulio lilifunga hifadhidata na programu zake, na wateja wa umeme wa kulipia kabla wakashindwa kununua umeme. Ilikuwa mwisho wa mwezi, wakati mishahara inapoingia na watu wengi hununua. Miezi mitatu baadaye, Oktoba 2019, mfumo wa jiji lenyewe uliingiliwa. Wavamizi walidai bitkoini 4 na kutishia kuanika data za wakazi. Jiji lilifunga tovuti na huduma zake za malipo kwa muda, likakataa kulipa, likaanza kurejesha mifumo.

Baltimore, pia nchini Marekani, ilivamiwa Mei 7, 2019. Wavamizi walidai bitkoini 13 na jiji likakataa. Uuzaji wa nyumba ulikwama kwa sababu afisi za jiji hazikuweza kuthibitisha kama nyumba inadaiwa. Bili za maji zilichelewa kwa miezi. Gharama na mapato yaliyocheleweshwa au kupotea vilikadiriwa kufikia dola milioni 18.

Kuna jambo jingine Baltimore ambalo halikutangazwa sana, nalo ndilo lenye somo kubwa kwetu. Baada ya barua pepe za jiji kuzimwa, maafisa walifungua akaunti nyingi za Gmail ili waendelee kuwasiliana na wananchi. Google ilizifunga kwa muda, maana akaunti nyingi mpya kufunguliwa kwa pamoja ni dalili ambayo mitambo yake huitilia shaka. Hebu jiweke katika nafasi ya mkazi wa jiji hilo. Amezoea anwani moja rasmi. Leo anapokea ujumbe kutoka anwani mpya unaosema "mimi ni afisa wa jiji". Ataujuaje wa kweli?

4. Wimbi la pili: tapeli huja baada ya mvamizi

Hapo ndipo mkazi wa kawaida anapoumizwa. Mvamizi huishambulia seva. Tapeli humshambulia mtu aliyechanganyikiwa kwa sababu seva imezima. Hahitaji ujuzi wa kompyuta. Anahitaji tu kujua kwamba mfumo umekwama, kwamba tarehe ya mwisho ya kulipa inakaribia, na kwamba wewe una hofu ya kutozwa faini.

Ujumbe wake huwa na sura inayojulikana:

"Mteja, mfumo wa kaunti una hitilafu. Ili kuepuka faini, lipia leseni yako LEO kwa nambari hii mpya, kisha tuma ujumbe wa M-Pesa kwa afisa wetu."

Chunguza dalili zake. Kuna haraka: "leo". Kuna tishio: "faini". Kuna njia mpya ya malipo. Kuna mtu binafsi wa kutumiwa uthibitisho. Ujumbe ukiwa na mambo hayo manne, usijiulize mara mbili: ni wa kitapeli mpaka uthibitike vinginevyo.

Wapo pia wanaotumia basari. Kiungo husambazwa katika vikundi vya WhatsApp kikisema fomu zimefunguliwa na nafasi ni chache. Mzazi akikibofya anaombwa nambari ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa na "ada ndogo ya usajili". Ada hiyo ni hasara ya kwanza. Taarifa alizoandika ni hasara ya pili, tena kubwa zaidi, maana zinaweza kutumiwa kumlaghai yeye au kukopa kwa jina lake.

Kwa hivyo shika kanuni moja, hata ukisahau mengine yote katika somo hili: mfumo ukizima, usikubali nambari mpya ya malipo iliyokuja kwa simu. Subiri, au nenda mwenyewe. Thibitisha katika sehemu mbili tofauti, kwa mfano ubao wa matangazo wa afisi ya msimamizi wa wadi na dirisha la mapato. Usithibitishe kwa kupiga nambari iliyoandikwa ndani ya ujumbe huohuo, kwa sababu atakayepokea ni tapeli mwenyewe.

5. Kazi ya mkazi: mambo sita

*Tunza risiti.* Mfumo ukirudi ukiwa na pengo, risiti yako ndiyo shahidi wako. Usifute ujumbe wa malipo wa M-Pesa. Andika nambari ya muamala, tarehe na kiasi katika daftari. Simu inaweza kuibwa au kuanguka majini. Daftari linabaki kabatini.

*PIN ni yako peke yako.* Hakuna afisa wa kaunti, wa benki wala wa kampuni ya simu mwenye sababu ya kukuuliza PIN yako, au ile nambari ya uthibitisho ya mara moja inayotumwa kwa simu yako. Anayeiomba anajaribu kuingia, na wewe unaombwa umfungulie.

*Neno la siri liwe refu.* Jina la mtoto na mwaka wake wa kuzaliwa hujulikana na kijiji kizima. Chagua maneno manne yasiyohusiana, uyaunganishe. Neno la barua pepe lisiwe sawa na la eCitizen, maana likivuja moja, yote mawili yamevuja. Pale ambapo huduma inakupa uthibitisho wa hatua mbili, uwashe.

*Kuwa mwangalifu saiba.* Wengi wetu hujaza fomu za serikali kwenye saiba. Si vibaya, lakini usimwachie mhudumu neno lako la siri likiwa limeandikwa kwenye karatasi. Ukimaliza, toka kwenye akaunti yako na uhakikishe umetoka. Omba picha ya kitambulisho chako ifutwe kwenye kompyuta, na utazame ikifutwa.

*Heshimu karatasi pia.* Nakala ya kitambulisho na fomu iliyoharibika hazifai kufungia karanga. Zichane vipande vidogo au uzichome. Taarifa iliyoibwa kwenye karatasi hutumika mtandaoni vilevile.

*Kagua laini zako.* Piga \*106# uone ni laini zipi zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, iripoti kwa kampuni husika. Na simu yako ikipoteza mtandao ghafla ilhali za wenzako zina mtandao, ulizia mara moja: huenda mtu amehamishia laini yako kwenye kadi nyingine ili apokee ujumbe wako.

6. Kazi ya serikali: mambo ya kuuliza

Si haki kumwachia mkazi mzigo wote. Katika miji tuliyoitaja, mkazi wa kawaida hakuwa na kosa. Zipo kazi ambazo afisi ya umma peke yake ndiyo inaweza kuzifanya, na wakazi wana haki ya kuuliza kama zinafanywa.

Ya kwanza ni nakala za akiba. Rekodi ziwe na nakala nyingine, na angalau moja isiwe imeunganishwa na mtandao, ili mvamizi akifunga kompyuta asiifikie. Huko Baltimore, ukaguzi wa baadaye ulionyesha kwamba idara ya teknolojia yenyewe ilipoteza data kwa sababu baadhi ya wafanyakazi walihifadhi faili kwenye kompyuta zao pekee. Tena nakala isiyowahi kujaribiwa ni matumaini tu. Inafaa irejeshwe kwa majaribio mara kwa mara, ionekane kama inasomeka.

Ya pili ni marekebisho. Programu huwa na nyufa, na watengenezaji hutoa viraka vya kuziba. Mnamo Mei 2017, programu haribifu ya WannaCry ilivuruga hospitali za umma nchini Uingereza na kompyuta katika nchi nyingi, ilhali kampuni ya Microsoft ilikuwa imetoa kiraka takriban miezi miwili kabla. Walioumia ni wale ambao hawakuwa wamekiweka.

Ya tatu ni akaunti za wafanyakazi. Kila karani awe na akaunti yake na neno lake la siri. Makarani watano wakitumia akaunti moja, pesa zikipotea hakuna awezaye kusema nani alifanya nini. Anayehamishwa au kustaafu, akaunti yake ifungwe siku hiyohiyo.

Ya nne ni bajeti. Kununua kompyuta mpya hupigwa picha, kuzitunza hakupigwi. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa katika Bunge la Kaunti kufikia Aprili 30. Vikao vya kushirikisha umma ndipo mahali pa kuuliza kama kuna fedha za matunzo, mafunzo na nakala za akiba.

7. Sheria inasemaje?

Kifungu cha 31 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ikaifafanua haki hiyo. Unaweza kuuliza data yako inatumiwa kwa kazi gani, kuomba kuiona, na kutaka irekebishwe ikiwa ina makosa. Sheria hiyo inazibana afisi za serikali sawa na kampuni binafsi. Data ikivuja na kuwe na hatari ya kumdhuru mwenyewe, aliyekuwa akiitunza anapaswa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 baada ya kutambua, na kumjulisha mwenye data pia. Usiporidhika, unaweza kuwasilisha malalamiko kwa Afisi ya Kamishna wa Data.

Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 inawahusu wavamizi. Kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini kunaweza kumletea mtu faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Vijana wanaojaribu "kupima" mfumo wa afisi kwa mchezo wajue kwamba sheria haisemi lolote kuhusu mchezo.

Ukitapeliwa, usikae kimya kwa aibu. Pigia kampuni yako ya simu mara moja ili muamala uzuiwe ikiwezekana. Wateja wa Safaricom wanaweza kupeleka ujumbe wa kitapeli kwa nambari 333. Kisha nenda kituo cha polisi, andikisha, na uchukue nambari ya OB. Hifadhi ujumbe wote. Usiufute kwa hasira. Halafu mwambie jirani, maana tapeli aliyekupata leo kesho atamtafuta yeye.

Maswali ya kujadili katika baraza, chama au darasa

1. Taja rekodi tatu zako zilizo katika afisi za umma. Ni ipi ingekuumiza zaidi ikionwa na wengine? Ikibadilishwa? Ikikosekana kwa wiki moja?

2. Shambulio la foleni ya bandia linatofautianaje na lile la kufuli ya mwizi? Ni lipi lingekwamisha zaidi hospitali, na kwa nini?

3. Leo ni siku ya mwisho ya kulipia leseni. Mfumo umezima na umepokea ujumbe wenye nambari mpya ya malipo. Eleza hatua kwa hatua utakavyofanya.

4. Miji ya Baltimore na Johannesburg ilikataa kulipa fidia. Toeni hoja mbili za kuunga mkono uamuzi huo na moja ya kuupinga.

5. Andaeni swali moja kuhusu utunzaji wa rekodi ambalo kikundi chenu kitauliza katika kikao kijacho cha bajeti.

Kata ukurasa huu, uubandike mahali ambapo familia nzima itauona. Umsomee pia mzee wa nyumbani asiyeona vizuri maandishi madogo ya simu, kwa sababu matapeli huwapigia wazee wakijua hawana wa kumuuliza. Siku mfumo utakapozima, awe tayari anajua la kufanya: asilipe, asitoe PIN, na risiti yake iwe kabatini.